Hakimu Nyani: Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Uhuru wa Karatasini

Tarehe 30 Aprili 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo wengi wetu tunaiita UCC, iliviandikia vituo 13 vya redio na runinga. Kila kituo kiliagizwa kiwasimamishe kazi watu watatu: mtayarishaji, mkuu wa habari na mkuu wa vipindi. Kosa lililotajwa lilikuwa kukiuka viwango vya chini vya utangazaji. Jambo lililokuwa hewani siku zile tunalikumbuka: polisi walikuwa wamemzuia mbunge Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, kufanya tamasha lake la Pasaka, kisha wakamkamata, na vituo vilikuwa vikiwaonyesha wananchi mambo hayo moja kwa moja.

Msomaji, fanya hesabu. Vituo 13 mara watu 3 ni watu 39, na ndiyo idadi iliyotangazwa. Mtu aliyekaa chini akasikiliza kanda za kila kituo, akapima nani alisema nini na saa ngapi, hawezi kukuta wakosaji watatu watatu katika kila nyumba, wenye vyeo vilevile, bila kupungua hata mmoja wala kuzidi. Huko si kuchunguza. Huko ni kugawa adhabu kama shule inavyogawa sare. Tena waliolengwa hawakuwa watangazaji waliosikika wakisema maneno fulani, bali wale wanaoamua kesho habari gani itarushwa na ipi itaachwa. Aliyeandika barua ile alijua vizuri bomba linafungwa wapi.

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba UCC haiwezi kuwa msimamizi wa haki wa utangazaji nchini Uganda, na kwamba sababu yake si tabia ya watu wanaoiongoza. Ukiwaondoa wote leo ukaweka malaika, sheria iliyopo itawafanya malaika hao waandike barua ileile. Ninasema hivi kwa sababu katika mijadala yetu darasani husikika mara kwa mara kwamba sheria ni nzuri ila utekelezaji ndio mbovu. Hilo neno utekelezaji limekuwa blanketi la kufunika kila kitu. Tulifunue kidogo tuone kilicholala chini yake.

Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ilianza kutumika mwaka 2013. Iliunganisha kazi mbili zilizokuwa katika vyombo viwili: kazi ya kusimamia simu na masafa, iliyokuwa ya Tume, na kazi ya kusimamia redio na runinga, iliyokuwa ya Baraza la Utangazaji chini ya Sheria ya Vyombo vya Habari vya Kielektroniki ya 1996. Soma vifungu viwili vinavyofuatana katika sheria hiyo kama ilivyopitishwa. Kifungu cha 8 kinatangaza kwamba Tume itakuwa huru katika kufanya kazi zake. Kifungu kinachokitangulia, cha 7, kinampa waziri uwezo wa kuiandikia Tume miongozo ya sera, na kinailazimisha Tume kuifuata. Yaani uhuru unaanza pale waziri aliponyamaza. Akifungua mdomo, umekwisha.

Halafu tazama nani anamweka nani. Wajumbe wa bodi huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. Mkurugenzi mtendaji naye huteuliwa na waziri. Bunge halina nafasi ya kumhoji mtu yeyote kati yao kabla hajakalia kiti, na mwananchi wa kawaida hujua jina la mteule siku linapotangazwa. Katika bodi kuna viti vya wataalamu, na ni vyema viwepo, lakini mtaalamu aliyewekwa na waziri anajua ni nani aliyemweka. George William Nyombi Thembo, ambaye sasa ndiye mkurugenzi mtendaji, aliwahi kuwa mbunge na waziri mdogo katika serikali ya chama tawala cha NRM. Simtuhumu kwa lolote, huenda ni mchapakazi kuliko wote waliomtangulia. Ninachouliza ni hiki: sheria gani inakataza kiti cha refa kupewa mchezaji wa jana wa timu moja? Hakuna.

Chombo hichohicho ndicho kinachotoa leseni, kinachosikiliza vipindi, kinachoamua kwamba kuna kosa, kinachoandika adhabu na kinachoweza kwenda kuzima mitambo. Polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na askari jela wote wana ofisi katika jengo moja, wanakunywa chai pamoja. Watunga sheria walilijua hilo, ndiyo maana waliandika kwamba kutakuwa na Baraza la Rufaa la Mawasiliano lenye jaji ndani yake, ili kituo kilichoonewa kiwe na mahali pa kwenda. Baraza hilo lilibaki karatasini kwa miaka mingi baada ya sheria kupita. Adhabu zilianza mara moja, rufaa ikasubirishwa. Kama huo ni utekelezaji mbovu, basi ni ubovu wenye macho, kwa maana umechagua kifungu cha kulala na kifungu cha kuamka.

Na viwango vyenyewe? Jedwali la nne la sheria linataka kipindi kisiwe kinyume cha maadili ya umma, kisikuze utamaduni wa ukatili au chuki za kikabila, habari zisipotoshe ukweli, na kisielekee kuleta ukosefu wa usalama. Nani atapinga hayo? Mimi sipingi. Lakini maneno kama maadili ya umma na ukosefu wa usalama ni magunia matupu, yanachukua umbo la kitu chochote utakachotia ndani. Picha ya polisi akimpiga mwananchi barabarani inaweza kuitwa habari, na inaweza pia kuitwa uchochezi. Kinachoamua ni nani anayeshika gunia.

Nirudi nyuma kidogo, maana vijana wenzangu wengi wanadhani mambo haya yalianza na Bobi Wine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mganda alikuwa na redio ya serikali tu. Mwishoni mwa 1993 zikaja Sanyu na Capital, kisha CBS ya ufalme wa Buganda mwaka 1996, na baada ya hapo redio zikaota kama uyoga hadi wilayani, kwa Kiganda, Kiacholi, Runyankole, Kiteso, Lugbara na lugha nyingine nyingi. Wanaoitetea serikali huitaja historia hii, na wana haki ya kuitaja. Ni kweli serikali ya Museveni ndiyo iliyofungua mlango huo. Lakini anayefungua mlango na kubaki na funguo mfukoni hajakupa nyumba.

Mwezi wa Agosti 2005 funguo zilitoka mfukoni. John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini, alikuwa amefariki tarehe 30 Julai katika helikopta ya rais wa Uganda. Mwandishi Andrew Mwenda aliijadili ajali hiyo katika kipindi chake cha redio ya KFM na kuilaumu serikali. Rais akavitishia hadharani vyombo vya habari vinavyoandika na kusema mambo kama hayo. Muda mfupi baadaye Baraza la Utangazaji likaifunga KFM kwa wiki moja, na Mwenda akafunguliwa mashtaka ya uchochezi dhidi ya serikali. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chenyewe cha uchochezi kwa kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria ikafa, lakini wiki ya ukimya haikurudishwa kwa wasikilizaji. Angalia mpangilio wa matukio: rais anakasirika, mdhibiti anazima.

Tukio lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mijadala iliyoitwa ebimeeza. Radio One ilirusha mmoja kila Jumamosi kutoka Club Obbligato mjini Kampala. CBS ilikuwa na wake uliojulikana kama Mambo Bado. Watu walikuja, wakakaa, wakaagiza soda au bia, wakajiandikisha, na kila mmoja alipewa dakika zake chache mbele ya maikrofoni kuzungumzia jambo la wiki hiyo. Wabunge walikuja, wanafunzi walikuja, wachuuzi walikuja, na kila mmoja alizomewa au kushangiliwa kwa kadiri ya hoja yake. Sisi tunaosoma Kiswahili tulitazame neno lenyewe. Meeza ni neno letu, meza, lililoingia katika Kiganda. Kwa Kiswahili ukilitia ki- unakidogosha kitu: kijumba, kijitu. Kwa Kiganda kiambishi hicho kinaweza kukikuza, kwa hiyo ekimeeza si kimeza kidogo cha kuwekea kikombe bali ni meza kubwa, ambayo kila mtu anaweza kuvuta kiti. Sijui kama kuna jina bora zaidi la utangazaji wa umma katika lugha yoyote ya Afrika Mashariki.

Meza hiyo ilipinduliwa Septemba 2009. Serikali ilikuwa imemzuia Kabaka Ronald Mutebi kuzuru Kayunga, sehemu ya ufalme wake, na ghasia zikazuka Kampala na mijini mingine ya Buganda. Zaidi ya watu 20 walikufa. Tarehe 10 Septemba Baraza la Utangazaji liliizima CBS, na pamoja nayo zikazimwa Suubi FM, Akaboozi ku Bbiri na Radio Sapientia, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Ebimeeza zikapigwa marufuku. Vituo vingine viliruhusiwa kurudi mapema kuliko CBS. CBS ilikaa kimya zaidi ya mwaka mzima, hadi Oktoba 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2011. Katika muda wote huo hakuna mahakama iliyoitia CBS hatiani. Hakukuwa na hukumu yenye kipimo cha kifungo: miezi mitatu, au sita, au kumi. Kituo kilifungwa hadi wakubwa walipozungumza na kuridhiana, kikafunguliwa namna hiyohiyo. Wafanyakazi wake walikaa nyumbani bila kujua ni lini, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Redio zilirudi, lakini ebimeeza hazikurudi. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na shabaha. Studio ina mtangazaji mmoja na mgeni mmoja au wawili, na kuna namba ya simu ya mwenye kituo ambayo inaweza kupigwa wakati wowote. Meza ya watu mia haina namba ya kupigia. Mwenyekiti wa Baraza la Utangazaji wakati huo alikuwa Godfrey Mutabazi, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa UCC. Chombo kilibadilika jina, mkono haukubadilika.

Ruka hadi 2017, mwaka uliokuwa na mambo mawili ambayo hayasomwi pamoja, ingawa yanapaswa kusomwa pamoja. Sheria ya 2013 ilikuwa imemruhusu waziri kutunga kanuni, lakini kwa idhini ya Bunge. Katika mwaka 2017 Bunge lenyewe lilipitisha marekebisho yaliyoondoa sharti hilo la idhini. Wabunge waliinua mikono wakajinyang'anya ufunguo, wakampa waziri. Miezi michache baadaye, Septemba, ulipofika mswada wa kuondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, ngumi na viti viliruka bungeni, na wananchi waliona. UCC ikaviamuru vituo viache kurusha moja kwa moja matukio hayo kwa kuwa yanachochea umma. Fikiria: mjadala wa Katiba, ndani ya Bunge, wa watu waliochaguliwa na wananchi, unaitwa uchochezi kwa wananchi haohao. Ikiwa mbunge wangu amepigana, mimi niliyempigia kura ndiye wa kwanza ninayestahili kumwona akipigana. Desemba ya mwaka huo rais alitia saini, ukomo wa umri ukafutwa.

Mengine ninayataja kwa kifupi kwa kuwa yanajulikana. Siku ya uchaguzi wa 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii ilikuwa imeshazimwa, na kampuni ya simu ya MTN ilisema wazi kwamba amri ilitoka UCC. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa 14 Januari 2021 intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Intaneti si utangazaji kwa maana kamili ya neno, ila aliyebonyeza ni yuleyule.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo wenzetu wa Rwanda na Burundi wataileta, na ni hoja nzito kuliko zote, wala haifai kupitwa kwa mbio. Watasema: ninyi mnaimba uhuru wa redio, sisi tumeona redio ikiua. Watasema RTLM. Mdhibiti mwenye mkono mkali, watasema, ndiye bei ya kutorudia 1994. Maofisa wa serikali zetu katika ukanda huu huitumia hoja hiyohiyo, na wanajua kwamba ikishatajwa RTLM, mjadala hunyamaza kwa heshima ya wafu.

Mimi nasema heshima ya wafu inatutaka tuiangalie RTLM ilivyokuwa, si ilivyorahisishwa. RTLM, iliyoanza kurusha Julai 1993, haikuwa redio ya watu huru waliokosa kudhibitiwa. Ilikuwa redio ya watu walio karibu na madaraka. Miongoni mwa wenye hisa alikuwemo Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe. Mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa ameongoza ofisi ya habari ya serikali, na ni chini ya uongozi wake ambapo Redio Rwanda, redio ya taifa, mwezi Machi 1992 ilisoma hewani taarifa ya uzushi iliyofuatiwa na mauaji ya Watutsi huko Bugesera. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba sumu ilionjwa kwanza katika redio ya serikali, ambayo haikupungukiwa na mkono wa serikali hata kidogo.

Somo la pili ni Faustin Rucogoza. Huyu alikuwa waziri wa habari, na mtu wa chama cha upinzani katika serikali ya mseto. Novemba 1993 na tena Februari 1994 aliwaita wakuu wa RTLM akawaonya juu ya matangazo yao ya chuki. Yaani kulikuwa na mtu aliyejaribu kudhibiti. Hakufika mbali, kwa sababu kituo kilikuwa na wakubwa waliokilinda, na yeye hakuwa na chombo cha kusimamia kisichoweza kuguswa na wakubwa hao. Tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa. Mwenzangu wa Kigali, mdhibiti anayeogopa ikulu hawezi kuifunga redio ya ikulu. Atazifunga nyingine zote, ila ile ambayo ingepaswa kufungwa ataipigia saluti. Kama tunaichukulia RTLM kwa uzito, tunahitaji mdhibiti ambaye Rucogoza angeweza kumkimbilia.

Wapo pia wasemao kwamba mdhibiti huru ni ndoto ya vitabuni, hakuna nchi iliyonaye. Kenya wanaitolea mfano, na wana la kusema. Katiba yao ya 2010, ibara ya 34, inadai vyombo vya habari visimamiwe na chombo kilicho huru na udhibiti wa serikali na wa wanasiasa. Maneno mazuri kuliko yetu. Pamoja na hayo, tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Mahakama Kuu ikaamuru tarehe 1 Februari zirudishwe, na bado zikakaa gizani siku kadhaa. Kwa hiyo ni kweli, ibara peke yake haiwashi mtambo. Lakini angalia tofauti: Wakenya walikuwa na ibara ya kushika mkononi wakaenda nayo mahakamani, wakapata amri ndani ya siku mbili. CBS ilikaa zaidi ya mwaka.

Na ukitaka kuona mdhibiti aliyesimama, nenda Afrika Kusini mwaka huohuo wa 2016 ambao sisi tulizimiwa mitandao. Shirika la utangazaji la taifa, SABC, lilikuwa limeamua kutoonyesha picha za waandamanaji wakiharibu mali, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia. Mdhibiti wao, ICASA, Julai ya mwaka huo aliliamuru shirika hilo liufute uamuzi wake. Mdhibiti akakiambia kituo cha serikali: onyesheni! Sisi hatujawahi kusikia amri ya namna hiyo ikitoka UCC. Kwetu barua zote huenda upande wa kuzima. Hilo halikutokea kwa sababu Waafrika Kusini wana damu tofauti. Kifungu cha 192 cha Katiba yao kinadai chombo huru cha kusimamia utangazaji kwa manufaa ya umma, na wajumbe wa baraza lake hupendekezwa na wananchi, huhojiwa hadharani, na Bunge lina sauti katika kuwapata. ICASA ina lawama zake, na vyama bado huvutana juu ya viti vyake. Lakini huvutana mchana kweupe.

Kuna kundi jingine ambalo ningependa lisinipigie makofi kwa haraka: wapinzani wetu. Wengi wao wanailaani UCC kwa kuwa leo iko mikononi mwa wengine. Sijasikia chama kikubwa cha upinzani kikiahidi kwa maandishi kwamba kikishika dola, waziri wake hatateua bodi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wala sitawasamehe wenye vituo. Wengi wa wamiliki wa redio za wilayani ni wanasiasa au wafanyabiashara wanaotegemea zabuni za serikali, na wakipigiwa simu hawasubiri barua. Mtangazaji anaondolewa kimyakimya na msikilizaji anaambiwa yuko likizoni. Barua za UCC tunaziona kwa sababu zimeandikwa. Kazi kubwa zaidi ya mdhibiti asiye huru haiandikwi popote. Inafanyika kichwani mwa mhariri saa kumi na moja jioni, anapochagua habari ya kufungulia taarifa.

Kipo kinachoweza kufanyika, na hakihitaji mapinduzi. Masafa yabaki na UCC, kwa sababu ni mali ya umma iliyo haba, na wahandisi wake wanaijua kazi hiyo. Bila mgawaji, vituo vingekanyagana hewani na hakuna ambaye angesikia chochote. Yaliyomo katika vipindi yaondolewe hapo kabisa, yapewe baraza tofauti ambalo wajumbe wake watapendekezwa na umma na kuhojiwa na kamati ya Bunge mbele ya kamera, kwa muhula usiolingana na wa rais, na asiwemo aliyeshika wadhifa wa chama au serikali katika miaka ya karibuni. Azimio la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza Barani Afrika, lililopitishwa upya na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2019, linataka mdhibiti aliyelindwa dhidi ya kuingiliwa kisiasa na kibiashara, na Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika unaoizaa Tume hiyo. Kwa hiyo siombi kitu cha kigeni. Kifungu cha miongozo ya waziri kifutwe kwa upande wa utangazaji, sharti la idhini ya Bunge kwa kanuni lirudishwe, na hakuna kituo kifungwe na mtu yeyote asiye hakimu.

Wahadhiri wetu wa sheria watasema mageuzi hayo yatachukua miaka, na Bunge lililojinyang'anya ufunguo 2017 halitaukimbilia kesho. Basi kuna jambo ambalo lingeweza kuanza mwezi huu bila kubadili hata nukta moja ya sheria. Kila amri inayopelekwa kwa kituo ichapishwe siku hiyohiyo mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma, ikiwa imeambatanishwa na kipande cha sauti au picha kinacholalamikiwa, dakika yake, kifungu kilichovunjwa, na jina la mlalamikaji, au la ofisi yake kama mlalamikaji ni ofisi. Kituo kipewe siku 14 za kujibu, na jibu lake lichapishwe pembeni ya amri.